Karai la Jeshi

Asubuhi ya siku tuliyomzika shemeji yangu Sesilia, wanawake waliokuwa wakichambua mchele nyuma ya nyumba walinitazama kila nilipopita, wakisubiri niwachekeshe. Kwetu mdogo wa mume ni mtani wa mke wa kaka yake, na mtani hamlilii mtani wake mbele za watu. Kazi yake ni kumsema marehemu, kujilaza mlangoni jeneza lisitoke mpaka adai chake, kujifunga khanga yake na kutembea alivyokuwa akitembea, hadi wafiwa washike mbavu na kusahau kidogo. Mimi na Sesilia tulitaniana zaidi ya miaka arobaini na Sumbawanga nzima ilijua. Hata wateja wangu pale barazani kwenye cherehani walikuwa wakiuliza, "Leo shemeji yako amekuchapa kwa lipi?" Basi wanawake wale walisubiri. Nilipita na fimbo yangu, nikaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kaka yangu Ponsiano, ambaye siku hizi haoni vizuri, na sikusema neno. Nikamsikia mmoja akinong'ona, "Babu leo kaumia kweli." Nilikuwa nimeumia, ila hakujua nimeumia wapi. Watu waliuona ule kuwa utani. Kwa sehemu kubwa ulikuwa kisasi, cha kwangu kwanza, halafu cha kwake. Cha kwake kilikuwa bora kwa sababu hakikuisha.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza kidato cha nne. Nilitoka Milepa kwa lori la mahindi, nimekaa juu ya magunia, mbwa wangu Jeshi amelala miguuni pangu, nikaja kukaa kwa Ponsiano mjini. Baba yake Jeshi alikuwa mbwa wa mapadre, mkubwa, wa manyoya mazito; mama yake alikuwa mbwa wetu wa kawaida wa kufukuza ngedere shambani. Jeshi alichukua kimo cha baba na akili ya mama. Nilimlea tangu hajafungua macho. Akisimama kwa miguu ya nyuma aliweza kuweka mikono mabegani mwangu na kunitazama usoni kama mtu anayetaka kuambiwa ukweli. Kaka alikuwa akinunua mahindi na ulezi vijijini na mchele Mtowisa, akiviweka kwenye ghala lililokuwa nyuma ya nyumba, naye aliniambia siku ya kwanza, "Nilindie ghala mwaka huu, mdogo wangu. Mwakani nakupeleka chuo cha ualimu." Nilimwamini. Alinipa chumba ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa wa jikoni, kwa hiyo hata usiku wa baridi, upepo wa Ufipa unapopita hadi kwenye mifupa, ukuta ule ulibaki na uvuguvugu. Kilikuwa na dirisha pana la kutazama uwanjani. Jeshi alilala kizingitini. Jioni tulikula sahani moja, kaka na mimi, ugali wa ulezi na maharage, na Jeshi alikula kwenye karai kuukuu la bati lililokuwa la mafundi wa saruji, sikio moja limepinda. Nililigonga kwa mwiko, ngo, ngo, ngo, naye angekuja hata kama yuko ng'ambo ya barabara. Nimeishi katika nyumba nzuri zaidi ya ile, lakini sijawahi tena kuwa mwenyewe mahali popote kama nilivyokuwa mwenyewe pale kwa miezi ile michache.

Sesilia alifika wakati wa mvua, baada ya harusi ya kwao Tukuyu ambayo mimi sikwenda, kwa kuwa nililinda ghala. Alishuka kwenye basi la Mbeya na cherehani ya miguu iliyofungwa juu ya keria, na mkononi kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Hakungoja kutambulishwa. "Wewe ndiye Didas? Mbona mfupi? Ponsiano aliniambia nitamkuta mwanamume analinda ghala." Nami sikukubali kushindwa mbele ya wapiga debe. "Na mimi niliambiwa kaka kaoa mke, mbona kaleta kikapu?" Kikapu kikatikisika. Kikatoka kichwa cha ukubwa wa ngumi, masikio kama vipepeo, macho makubwa yenye machozi.

"Hiki nini, shemeji? Panya?"

"Panya ni wa kwenu. Huyu ni Pipi, mbwa."

"Anakua lini?"

"Amebakiza kidogo tu, huu ndio ukubwa wao."

"Sasa atalinda nini?"

"Atanilinda dhidi yenu. Kwetu wanasema watu wa Sumbawanga mnatuma radi mchana kweupe."

Ponsiano alicheka mpaka akashika bodi ya basi. Baadaye nilielewa kwamba Sesilia alikuwa amewashonea mapazia Wazungu fulani Mbeya, na walipokuwa wanarudi kwao walimpa mtoto mmoja wa mbwa wao, wa ule uzao wa kukaa mapajani ambao hata ukikomaa haumzidi paka. Kwake Pipi alikuwa kitu pekee alichokuja nacho ambacho si cha kazi. Hilo nalisema leo. Wakati ule niliona panya.

Wiki haikuisha, cherehani ikaingia chumbani kwangu, kwa sababu ndicho chenye mwanga na ukuta mkavu. "Usinichukie, shemeji, ni dirisha tu," aliniambia huku akibeba mto wangu mwenyewe kunisaidia kuhama. Nikahamia ghalani, mkeka juu ya magunia, vumbi la ulezi likinikwaruza koo. Jeshi alipombwekea Pipi siku ya kwanza, akafungwa mnyororo nyuma, karibu na choo. Pipi akalala ndani, kwenye kiti kilichowekewa kitambaa. Pipi alikula nyama iliyochambuliwa kwa vidole, kwenye kisahani cha udongo, chini ya meza ya cherehani. Jeshi alichemshiwa pumba na vichwa vya migebuka, samaki wa ziwani. Ghala lilikuwa limetengwa na chumba chao kwa mbao tu, na jioni moja, nikiwa napanga magunia, nilimsikia Sesilia akiuliza, "Na huyu Didas anakwenda chuo lini?" Ponsiano akajibu, "Chuo? Akienda chuo nani atalala ghalani? Ameshapazoea."

"Lakini si ulimwahidi?"

"Nilimwahidi. Na mwakani nitamwahidi tena."

Halafu nikasikia Sesilia akicheka. Kama alicheka kwa kumwona mumewe hana haya, au kwa kuniona mimi mjinga, sikuwahi kumwuliza maisha yangu yote, maana niliogopa jibu. Jioni ile sikuhitaji jibu. Nilikaa kati ya magunia na nikaapa kwamba kicheko kile kitalipwa. Kaka nilimwogopa, kwa hiyo sikumgusa. Shemeji alikuwa mke wa kaka, sikumgusa. Nikachagua aliyekuwa mdogo kuliko wote ndani ya nyumba. Nimewaona watu wazima na heshima zao wakifanya hesabu ileile, na kila nikiwaona nageuza uso pembeni, kwa sababu najua inavyopigwa.

Nafasi alinipa kaka mwenyewe, tukiwa mezani. Jeshi na Pipi walikuwa wamebwekeana mchana kutwa. Ponsiano akasukuma sahani. "Sitaki fujo ya mbwa kwangu. Nawapa mpaka mavuno. Wakizoeana, vizuri. Wasipozoeana, mmoja anaondoka." Mimi nilijua ni yupi. Nani atafukuza mbwa anayelinda ghala la mahindi abaki na mbwa wa mapajani? Sesilia alinigeukia, na kwa mara ya kwanza hakunitania. "Shemeji, wewe ndiye unayewajua mbwa. Nisaidie wazoeane." Akanieleza alivyoona wale Wazungu wakifanya walipoleta mbwa mdogo kwenye nyumba yenye mkubwa. Wakutanishwe kwanza nje, mahali ambapo si pa yeyote kati yao. Watembezwe pamoja, kila mmoja na kamba yake, hadi wachoke kutazamana. Mkubwa asisahauliwe, asalimiwe kwanza, apewe chakula kwanza, asione kwamba mgeni amemnyang'anya watu wake. Mdogo awe na mahali pa juu pa kukimbilia. "Na wasile pamoja kamwe. Pipi asisogelee chombo cha Jeshi. Hilo la chombo usilisahau, shemeji. Mbwa wa namna ile hana ubaya, ila akiona chakula chake kinachukuliwa anakuwa mwingine." Nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu. Alikuwa amenipa somo zima, na nililielewa kwa kuligeuza.

Kila asubuhi nilifuata maneno yake yote. Niliwatembeza kwenye barabara ya mikaratusi, Jeshi kulia, Pipi kushoto, na watu wa baiskeli wakanizomea. "Didas, huyo ndama wa nani?" "Huyo mdogo ni wa supu?" Jeshi kwanza alitembea ameinua kichwa, hataki kuonekana naye. Kabla hata ulezi haujaanza kupiga rangi, nilimkuta amelala ubavu penye jua, Pipi amepanda juu ya mbavu zake na anamng'ata sikio, naye anaacha. Ningeishia pale. Nilimtazama mbwa wangu akicheza na mali ya wale walionicheka, nikaona hata yeye amehamia upande wao.

Kwa hiyo kila mchana, Sesilia akienda sokoni kupeleka nguo za watu, nilibomoa nilichojenga asubuhi. Nilimfunga Jeshi, nikachukua karai lake, nikaliweka mahali ambapo mnyororo haufiki. Nikaligonga kwa mwiko, ngo, ngo, ngo, nikamtumbukiza Pipi ndani yake na kumpa kipande cha nyama nilichoficha kwenye mboga yangu. Jeshi alitazama. Pipi akila, nilimsifu kwa sauti. Akimaliza, nilimrudisha ndani, na Jeshi nikamwacha na njaa hadi jioni, halafu nikamwekea pumba kwenye karai lilelile linalonuka Pipi. Siku za mwanzo alilia kidogo na kunitazama mimi. Hakumtazama kabisa yule mdogo. Alinitazama mimi, kana kwamba nimesahau jambo na anataka kunikumbusha. Ilichukua muda mrefu kumfundisha amtazame Pipi. Nikafaulu. Pipi naye akajifunza haraka: akisikia bati linagongwa alitoka mbio popote alipo, mkia juu, moyo mweupe.

Na wakati wote huo tulikula na kutaniana. "Shemeji," Sesilia angesema akinipakulia, "mbona leo unamtazama Pipi hivyo? Unamtamani?"

"Bado hajanenepa."

"Siku nikimkosa nitajua yuko tumboni mwa nani."

"Tumboni mwa Jeshi. Mimi sili panya."

Ponsiano alicheka hadi maharage yakampalia. Nilisema ukweli wote waziwazi na wakaumeza pamoja na ugali. Nani angemshuku mtu anayetangaza mezani? Nadhani kosa lile lisingeweza kufanywa na mtu wa mahali ambapo mashemeji hawataniani. Angeficha, na aliyeficha huogopa, na huenda hofu ingemzuia. Mimi kila siku nilikuwa nimeshasamehewa kabla ya kutenda. Nililala vizuri. Hilo ndilo linanisumbua kuliko mengine: nilikuwa na furaha. Kisasi kilinitia joto kuliko ukuta ule wa jikoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mavuno, tumetoka misa. Wageni walikuwa wamepanda kutoka Mtowisa na mchele wao, wanajikunyata kwa baridi yetu, nyumba imejaa. Ponsiano aliwaonyesha mbwa kama mtu anayeonyesha gari jipya. "Mnaona? Mkubwa na mdogo, hakuna ugomvi. Kazi ya mdogo wangu hiyo. Wote wanabaki." Wageni wakanipigia makofi. Makofi yale yalinichoma. Nilizunguka nyuma, nikaweka karai mbele ya Jeshi, ndani yake mfupa wenye nyama, nikafungua mnyororo. Halafu nikagonga.

Nilidhani Sesilia yuko jikoni. Alikuwa kwenye kamba ya nguo, nyuma ya mashuka, hatua chache tu kutoka pale. Pipi alitoka chini ya viti vya wageni na kupita uwanjani kama jiwe lililorushwa, akaingiza miguu ya mbele ndani ya karai, akatikisa mkia. Jeshi hakunguruma. Shuka likafunuka na mkono wa Sesilia ukaingia katikati, mkono wa kulia, ukambeba Pipi kwa tumbo, na meno yakakuta kidole gumba. Nilisikia sauti ambayo sitaieleza. Nikapiga kelele, "Jeshi, acha!" Akaacha palepale. Akalala chini, masikio nyuma, akanitazama, akisubiri kujua kama amefanya vizuri.

Hospitalini walimshona, lakini mshipa wa kidole ulikuwa umekatika, na kidole kile hakikujikunja tena mpaka tunamzika. Bwana mifugo alisema mbwa afungwe aangaliwe kwanza kama ana kichaa. Ponsiano hakutaka kungoja. "Mbwa anayemuuma mke wangu simlishi hata jioni moja." Akamwita mgambo mmoja mwenye gobore. Jeshi alikataa kutoka na mgambo, akajibana ukutani, akaonyesha meno. "Mlete wewe," kaka akaniambia, "wewe ndiye anayekusikia." Sikubisha. Ningeweza kusema pale uwanjani, ni mimi, na Jeshi angebaki kwenye mnyororo na mimi ningepanda lori la kurudi Milepa. Badala yake nilichukua karai na mwiko, nikatangulia mbele ya mgambo hadi kwenye mikaratusi, nikagonga. Alikuja anakimbia. Alikuja kwa furaha, kwa sababu Pipi hakuwepo, na karai hatimaye lilikuwa lake peke yake. Nikaliweka chini, lina nyama tupu, bila pumba, nikageuka nikaondoka na sikutazama nyuma. Karai nililiacha hukohuko. Kaka alikuwa amesema mmoja ataondoka, na mmoja akaondoka.

Siku si nyingi baadaye Sesilia alikuwa ameketi barazani, mkono umefungwa bandeji, Pipi mapajani. Jirani yetu alikuwa anasugua vyombo vyake upande wa pili wa ua, akagonga sufuria kwa kijiko kutoa ukoko. Ngo, ngo, ngo. Pipi akaruka kutoka mapajani, akakimbia hadi nyuma, hadi kwenye duara la ardhi tupu lililochimbwa na miguu ya Jeshi. Akasimama katikati yake, anajilamba midomo, anageuza kichwa huku na huku, anangoja. Sesilia aliinuka polepole, akamfuata. Alimtazama Pipi kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni pa ghala na gunia begani.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Pipi namlisha chini ya meza yangu, kwenye kisahani cha udongo."

"Ndiyo, shemeji."

"Sijawahi kumgongea chombo."

Gunia lilinielemea na sikulitua. Akageuka kuelekea ndani na kuita, "Ponsiano!" Nilijua yamekwisha. Kaka akatokea na gazeti lake. "Mkono huu haushoni tena," Sesilia akamwambia, "na nguo za watu zimejaa. Nataka Didas anishonee."

"Didas anajua nini cha kushona?"

"Nitamfundisha. Ni mwepesi sana huyu, kufundisha na kufundishwa."

Kaka akacheka, akarudi ndani. Hivyo nikarudi chumbani kwangu, penye dirisha na ukuta wa joto, lakini safari hii nikiwa nyuma ya cherehani yake. Aliketi kando yangu kwenye kigoda kuanzia asubuhi, Pipi miguuni, na neno lake lilikuwa moja. Nikimaliza mshono, aliuvuta kwa mkono wa kushoto, akautazama kwenye mwanga, akasema, "Fumua." Nilifumua. Nikashona tena. "Fumua." Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilishona sketi za shule, nikafumua, nikashona mavazi ya kwaya, nikafumua, hadi vidole vikatoka damu na nikajifunza kushona damu isiguse kitambaa cheupe. Kila asubuhi alinipa salamu kwa mkono ule, kidole kigumu kimesimama, na ilinibidi nikishike. Wateja wakiingia aliwaonyesha kovu. "Mnaona? Huyu fundi wangu alinivisha pete, kaka yake hajui." Walicheka na kupiga mapaja. Nami nilicheka, kwa sababu mtani akikasirika ameshindwa, na zaidi ya hapo watu watajiuliza amekasirikia nini. Silaha niliyomchomea ndiyo aliyoninyang'anya, na aliishika vizuri kuliko mimi.

Siku moja sikuvumilia. Tulikuwa wawili tu. "Shemeji, kwa nini usimwambie kaka, yaishe?"

Alikuwa anamkuna Pipi shingoni. "Nikimwambia atakufukuza, nami nitakuwa nimemaliza. Mimi sitaki kumaliza, shemeji. Fumua hapo kwenye kwapa."

Wakati wa kwenda chuo ukafika na kupita, na sikumkumbusha kaka ahadi yake. Mwisho wa mwaka ule nilikuwa fundi. Ndiyo kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu hadi leo, na sijui niite adhabu au zawadi. Yeye mwenyewe asingekubali niite zawadi. Pipi alizoea kulala juu ya mguu wangu wa kushoto, ule usiokanyaga pedeli. Mwanzoni nilimsukuma. Alirudi. Alikuwa na joto la ajabu kwa kiumbe mdogo namna ile. Hakuna aliyetuzoesha, na hatukutembezwa barabarani kwa kamba. Nilimchukia, kisha nikachoka kumchukia, kisha siku moja alipochelewa kuja nikajikuta nimesimamisha gurudumu ninamtafuta kwa macho. Sesilia aliliona hilo. Siku ile mshono wangu aliutazama, akautua mezani, hakusema "Fumua."

Tulimzika mchana, kwa upepo mkali. Jeneza lilitoka na sikujilaza mlangoni, watu wakavunjika moyo kidogo. Tuliporudi, chakula kikaletwa, wali wa Mtowisa na nyama. Wazee tuliandaliwa kwanza. Kaka akapewa sahani yake, wengine wakapewa, mimi nikarukwa. Nikadhani wamenisahau. Ndipo akatokea Edina, binti yao mkubwa, amejifunga khanga ya marehemu kiunoni, amebeba kitu kwa mikono miwili, anacheka na machozi yanamtoka.

"Baba mdogo, mama aliacha neno. Alisema msibani kwake, chakula chako kiletwe kwenye hiki. Alisema huu ni utani wake wa mwisho, wewe utauelewa."

Lilikuwa karai la bati, limesuguliwa kwa majivu hadi linang'aa, sikio moja limepinda. Nilimwuliza limetoka wapi. "Lilikuwa juu ya kabati lake miaka yote, limefungwa kwenye khanga. Alisema alimtuma mgambo alilete kutoka kwenye mikaratusi." Kisha Edina akatoa mwiko kiunoni. "Na alisema kabla hujala nifanye hivi." Akagonga. Ngo, ngo, ngo.

Sikuwaza. Niliinuka kwenye kiti, bila fimbo, nikapiga hatua mbili kuelekea sauti ile. Wanawake walilipuka kwa vicheko na vigelegele, mmoja akajitupa chini kabisa. Hatimaye mtani alikuwa ametaniwa, na aliyemtania yuko kaburini. Kaka yangu Ponsiano, ambaye haoni vizuri lakini anasikia, aligeuza kichwa. "Hilo si karai la Jeshi?"

"Ndilo, kaka."

"Alikuwa mbwa mzuri yule. Mpaka leo sielewi nini kilimpata siku ile. Wewe ulielewa?"

Nilikuwa nimeshapiga magoti na tonge la kwanza liko mdomoni. Nilitafuna. Edina alikuwa amesimama juu yangu, mwiko mkononi, na watu wote wananingoja nijibu kwa utani kama desturi. Nilikula. Nilikula kwa mkono, sikuinua kichwa, wali ukawa na ladha ya bati, nikakomba hadi chini. Kaka akangoja jibu kidogo, kisha mtu akampa maji, akasahau.

"Baba mdogo, umelamba mpaka kutu!" Edina akasema, na watu wakacheka tena. "Nikuongeze?"

"Muulize mama yako," nikamwambia. "Yeye ndiye anayejua kama nimeshiba."